Hesabu mabua kabla hujahesabu ng'ombe

Najua wengi mko kwenye kupiga alizeti na kupukuchua mahindi, kwa hiyo sitawachosha kwa salamu ndefu. Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, na nusu ya hasira hiyo ni kwangu mwenyewe.

Wiki hii nimepita vijiji vitatu kwa pikipiki. Vyote nimekuta jambo lile lile. Shamba la mahindi limevunwa Jumanne, Alhamisi limejaa ng'ombe wa watu wanne tofauti, na mwenye shamba amesimama pembeni anapiga nao stori. Jirani yake ambaye hana ng'ombe amewasha moto, anasema anasafisha shamba. Ukimuuliza yule wa kwanza ng'ombe wako watakula nini mwezi wa kumi na moja, anakujibu Mungu atajalia mvua. Sikatai, Mungu anajalia. Lakini kwetu mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikichelewa inasogea hadi Januari, na kufika mwanzoni mwa Mei imeshakatika. Ng'ombe wako ana miezi karibu saba ya kula kitu ambacho hakioti tena. Kitu chenyewe ndicho hicho unachokichoma.

Wengi tunahesabu hasara ya kiangazi kwa ng'ombe waliokufa. Wakifa watatu tunasema mwaka ulikuwa mbaya, asipokufa hata mmoja tunasema tumevuka. Mimi nasema hujavuka. Mtazame maksai wako Desemba, mvua ya kwanza ikishalowesha ardhi. Mbavu zinahesabika, mgongo umepinda, na huyo ndiye unayemfunga jembe. Analima nusu eka anasimama. Jirani mwenye maksai wazima anamaliza shamba lake ndani ya wiki, wewe unamaliza baada ya wiki tatu, na kwa mvua zetu hizi chache wiki mbili za kuchelewa kupanda zinatosha kukuondolea magunia. Kwa hiyo aliyekula hasara ya mabua yaliyochomwa Juni ni mahindi yako ya mwaka unaofuata. Mkulima asiye na ng'ombe anaweza kusema mabua hayamhusu. Wewe mwenye vyote viwili huwezi.

Nikupe mfano wa mwaka jana. Kuna mzee katika eneo langu la kazi ana ng'ombe kumi na wanne. Juni nilimpitia nikamwambia, "Mzee wangu, punguza mifugo." Akanikaribisha uji, tukazungumza habari za watoto, nikaondoka. Septemba nikapita tena, nikasema maneno yale yale. Novemba nikaitwa: maksai mmoja amelala hainuki. Tulimwinua kwa magogo watu sita, akasimama kidogo akaanguka tena. Hakuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa njaa tu. Yule akafa, na mwenzake akauzwa kwa mchinjaji kwa bei ambayo mzee hakutaka kuitamka mbele ya watoto wake. Mzee alikodi maksai wa watu, na maksai wa kukodi huja kwako mwenyewe akishamaliza kwake. Alipanda katikati ya Januari. Mwaka huu nimemtembelea, mahindi yake yamejaa ndoo.

Sasa niambie kosa ni la nani. Ni rahisi kusema mzee ni mbishi. Lakini mimi mtaalamu nilifanya nini? Nilikwenda mara mbili nikatamka maneno mawili: punguza mifugo. Sikumuuliza apunguze wangapi, yupi na yupi, auze lini, na pesa aziweke wapi. Sisi maofisa tuna ugonjwa wa kusema "punguza mifugo" kama mtu anayesema "kuwa makini" halafu anaendelea na safari. Halafu Desemba tunakuja na daftari kuandika idadi ya mizoga. Mfugaji ana haki ya kutuchoka.

Tena hapa Kondoa maneno hayo yana historia. Nikiyatamka mbele ya wazee wa Haubi, Kolo au Mnenia, naona macho yanavyobadilika. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tunaouita HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa itoke katika eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimesimuliwa mara nyingi. Nyasi na vichaka vilirudi milimani, na makorongo mengi yalitulia. Hilo linaonekana hadi leo na anayelikana anabisha tu. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walihamia tambarare, wakaenda kubana malisho ya watu wengine. Na aliyebaki mlimani bila ng'ombe alibaki bila samadi na bila maksai, amerudi kwenye jembe la mkono. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, ndipo watu wakaanza kufundishwa kufuga ng'ombe wa maziwa wa ndani na kuwakatia majani. Mzee mmoja aliniambia mkutanoni, "Bwana mifugo, nyie mlitutolea ng'ombe kwa HADO, sasa mnakuja na mlango wa nyuma." Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa na hoja.

Kwa hiyo leo sikuambii upunguze mifugo. Nakuambia ukae chini na kalamu.

Tuchukue kaya moja ya kawaida. Ina eka tatu za mahindi, moja ya mtama, moja ya alizeti na moja ya karanga. Ina ng'ombe kumi na mmoja wa asili. Shamba linalotoa gunia tano au sita za mahindi kwa eka linakuachia mabua yenye uzito unaokaribia huo huo wa nafaka. Tuseme kilo 600 kwa eka. Eka tatu ni kilo 1,800. Mtama una mabua mengi zaidi, weka kilo 800. Jumla 2,600. Lakini ng'ombe hali bua zima. Anakula majani, maganda na sehemu laini ya juu, kile kigongo cha chini anakikanyaga. Toa asilimia 40 ya hivyo na vinavyopotea njiani, unabaki na kilo 1,560. Ongeza majani makavu ya karanga kilo 300. Una kilo 1,860 za chakula. Hapo ni kama umevikusanya vyote, na hakuna ng'ombe wa jirani aliyeingia.

Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Tuwe wakarimu, tuseme nusu ataipata mbugani na nusu umpe wewe. Kilo 3 kwa siku, kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 31 Desemba, siku 153, ni kilo 459 kwa ng'ombe mmoja. Gawa 1,860 kwa 459.

Jibu ni wanne.

Wanne, na una kumi na mmoja. Hao saba wengine hawana chakula chochote ulichokiandaa. Wanaishi kwa kutembea. Wanatembea kilomita nyingi kutafuta nyasi na maji, na wanachokipata kinaishia miguuni. Wanakula hadi mizizi kwenye miteremko, wanaikanyaga inakuwa unga, na mvua kubwa ya kwanza ya Desemba inaubeba unga huo. Korongo lililo nyuma ya shamba lako linakula kila mwaka, na unajua vizuri linaelekea wapi.

Fanya hesabu hiyo kwa eka zako mwenyewe, sio kwa mfano wangu. Kisha amua nani yuko kwenye wale wanne. Wa kwanza ni maksai wawili. Wanaofuata ni ng'ombe mwenye mimba au anayenyonyesha, na ndama aliyeachishwa karibuni. Sio yule dume mkubwa mwenye pembe nzuri anayekupa heshima mnadani. Huyo dume ndiye wa kuuza, pamoja na jike lililopita misimu miwili bila kuzaa na lile zee lililokwisha meno. Uza sasa, akiwa na nyama mgongoni. Mnunuzi wa kwetu bado anakadiria kwa macho, mizani ni shida katika minada mingi, na macho ya mnunuzi yanaona mbavu haraka kuliko kitu chochote. Ng'ombe yule yule mwezi wa kumi na moja atakuwa amepoteza kilo hamsini na zaidi, na mnadani atakutana na ng'ombe wa kila mtu aliyekuwa anasubiri kama wewe. Wenye malori ya kwenda Pugu wanalijua hilo. Ndiyo maana mwezi huo hawana haraka ya kujadili bei na wewe.

Kuna bahati moja miaka hii ambayo naona tunaichezea. Idi ya kuchinja mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni, mwaka 2025 mwanzoni mwa Juni, na kwa mwaka 2026 ni mwishoni mwa Mei. Maana yake mahitaji ya ng'ombe wa kuchinja yanapanda wakati ule ule ambao ng'ombe wetu wamenona kuliko wakati mwingine wowote. Kwa wilaya yenye Waislamu wengi kama yetu, huhitaji mtaalamu wa masoko akueleze. Lakini mwaka huu wangapi walimwandaa hata dume mmoja kwa ajili ya Idi? Tunasubiri Januari, watoto wanatakiwa sare na madaftari, ndipo tunamtoa ng'ombe aliyebaki ngozi.

Sasa nakujua, unataka kuniambia: "Nikiuza Juni pesa zitaliwa. Ng'ombe ndiye benki yangu." Hoja hii nimeisikia mara nyingi na sitaki kuidharau, kwa sababu ni ya kweli. Pesa mfukoni zina ndugu wengi, na zikikaa kwenye simu ndio kabisa. Mwaka wa njaa, ng'ombe amekomboa kaya nyingi hapa. Lakini angalia benki yenyewe inavyofanya kazi. Unaweka Juni, ukienda kutoa Novemba salio limepungua nusu, na wakati mwingine unakuta benki imelala chini haisimami. Kama hutaki kushika pesa, usizishike. Uza ng'ombe mmoja, pesa hiyo hiyo ununue mahindi sasa hivi bei ikiwa chini, uyakaushe vizuri na uyaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Gunia la mahindi halihitaji nyasi wala kupelekwa bwawani. Februari litakuwa na bei nyingine. Ila hakikisha yamekauka kweli. Watu wa Dodoma na Manyara waliofariki kwa sumukuvu mwaka 2016 hatujawasahau.

Na sehemu ya pesa hiyo nunua mashudu. Mashine za kukamua alizeti sasa zinafanya kazi, mashudu yapo. Kufika Oktoba yatakuwa adimu na utayapigania na watu wenye kuku. Maksai mmoja mpe kilo moja kwa siku kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Desemba. Ni kama kilo 90. Wawili ni kilo 180. Mabua peke yake yanajaza tumbo tu, protini yake ni ndogo mno, hata vile vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia ng'ombe kusaga chakula havipati cha kutosha. Hiyo kilo moja ya mashudu ndiyo inayofanya mabua yawe chakula. Majani ya karanga, ya maharage na ya dengu yanafanya kazi hiyo hiyo, na haya huyanunui. Basi mbona unayaacha pale unapopurulia? Yabebe siku ile ile, yakikaa juani wiki nzima majani yanapukutika unabaki na vijiti. Jiwe la chumvi lisikosekane zizini.

Wengine wataniuliza kuhusu kulainisha mabua kwa urea. Inawezekana: kilo 4 za urea kwenye maji lita 60 hivi kwa kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, unafunika kwa turubai bila kuruhusu hewa kwa siku 21, kisha unayapepea kabla ya kulisha. Mimi siipigii debe sana. Maji ya kiangazi kwetu ni ya kuhangaikia, na ng'ombe akiyanywa yale maji ya urea, au ikichanganywa vibaya, anakufa siku hiyo hiyo. Ndama wa chini ya miezi sita asipewe kabisa. Ukitaka kujaribu, niite tufanye pamoja mara ya kwanza.

Kuhifadhi hakuhitaji fedha za mradi. Kata mabua mapema, mara tu ukivuna, yakiwa na ukijani kidogo. Yafunge mizigo, yapange juu ya uchanja wa nguzo, weka majivu kwenye miguu ya nguzo kwa sababu ya mchwa, funika juu kwa nyasi. Ukiwa na sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 unaweza kushindilia majani makavu ukapata robota la kilo 15 hadi 20, na hapo unaweza kuhesabu chakula chako kama unavyohesabu magunia. Jambo moja ambalo wanaume hatulisemi: kazi hii ya kukata na kubeba tukishaamua, inaishia kichwani kwa mama na watoto. Ng'ombe ni wa baba, mzigo ni wa mama. Kama ni hivyo nyumbani kwako, usishangae mabua yakibaki shambani. Tumia mkokoteni na maksai hao hao unaotaka kuwaokoa.

Hapa nitagombana na wenzangu wa upande wa mazao. Wao wanawaambia mwache masalia yote shambani yafunike udongo. Wa mifugo tunawaambia myatoe yote. Mkulima mmoja, wataalamu wawili, ushauri unaopingana, na wote tumetoka vyuoni na diploma zetu. Maoni yangu ni haya: kata juu ya goti. Kile kigongo cha chini ambacho ng'ombe hali kiache kimesimama au kilaze kukatisha mteremko. Majani na sehemu ya juu peleka uchanjani. Halafu samadi irudi shambani Oktoba au Novemba, kabla ya kulima. Ukichukua mabua miaka yote na samadi ikabaki lundo nyuma ya zizi, basi wenzangu wa mazao wana haki ya kukulaumu.

Lakini yote haya ni bure kama shamba lako likishavunwa linakuwa la kila mtu. Desturi ya kuachia mashamba ilikuwa na maana yake zamani, ardhi ilikuwa kubwa na watu wachache. Anayeitetea leo husema ng'ombe wa jirani wananiachia samadi. Wanakuachia kinyesi kinachokauka juani, na mkojo wenye nitrojeni unaopotea hewani, na wanaondoka na chakula cha maksai wako. Mara nyingi mwenye kundi kubwa ndiye anayeipenda desturi hii kuliko mwenye ng'ombe watano. Wenzetu Wasukuma wana ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza, na jirani hapeleki ng'ombe humo bila ruhusa. Sisi tunashindwa nini? Halmashauri ya kijiji inaweza kuandaa sheria ndogo, mkutano mkuu ukaipokea na halmashauri ya wilaya ikaidhinisha: hakuna mfugo kuingia shamba la mtu kabla ya tarehe fulani bila ridhaa ya mwenye shamba, na hakuna kuchoma mabua. Asiye na ng'ombe naye atauza mabua yake kwa mizigo badala ya kuyachoma. Mikutano ya robo mwaka ipo. Nimehudhuria mingi ambayo ajenda ilikuwa michango peke yake.

Angalizo kwa wenye mtama: ukishavuna, vishina huchipua tena unyevu ukipatikana, hasa mvua za kwanza zikinyesha. Machipukizi hayo machanga ya kijani yana sumu inayoua ng'ombe ndani ya muda mfupi sana, na ng'ombe mwenye njaa huyakimbilia. Usiwaachie humo. Mabua ya mtama yaliyokauka vizuri hayana shida hiyo. Mabua yenye ukungu nayo usilishe, hata kama yamebaki hayo tu.

Yule mzee wa kumi na wanne sasa ana kumi na mmoja. Juzi nilikwenda kwake, na safari hii nilibeba daftari. Tulikaa chini ya mkwaju karibu saa mbili, mkewe ndiye aliyekuwa anatukumbusha eka ngapi zilikuwa za mtama. Tulipofika kwenye jibu alinyamaza, halafu akaniuliza kama nina uhakika na kile kipimo cha kilo tatu. Dume mwekundu anakwenda mnadani wiki ijayo. La pili bado anafikiria.

Jumatatu na Alhamisi asubuhi nipo ofisi ya kata. Njoo na idadi ya eka zako, magunia uliyopata kwa kila eka, na ng'ombe wako mmoja mmoja kwa umri. Kalamu ninayo.